Kazi za Ujirani Hapa Moshono

Ukitoka mjini Arusha ukaelekea mashariki na kupita Kijenge, utafika kwetu Moshono. Wazee waliozaliwa hapa hutueleza kwamba zamani nchi hii yote ilikuwa migomba, mahindi, kahawa na malisho, na mtu aliweza kwenda kutoka boma hata boma asikutane na ukuta. Siku hizi mji umetufikia. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha ya kuwa Jiji la Arusha lina watu 416,442; ile ya mwaka 2022 ikaonyesha watu 617,631. Maana yake, katika miaka kumi wameongezeka watu laki mbili na zaidi, na kila mmoja wao hana budi kupata mahali pa kulala. Wengi wamepapata kwetu. Shamba moja la migomba hukatwa viwanja vinne au vitano, kila kiwanja na ukuta wake, na lango lake la chuma, na mbwa wake. Naye aliye ndani aghalabu hajui jina la aliye nyuma ya ukuta wa pili.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wageni. Sisi wenyewe tu wageni, maana tuliletwa hapa na kazi ya kufundisha, na nyumba tunayokaa ni ya kupanga. Tunalotaka kulitafuta katika ukurasa huu ni jambo moja: watu wa namna hii, wenyeji na wageni, wenye mashamba na wasio na hata kuku, ni kitu gani kiwatoacho nyumbani mwao siku ya Jumamosi waende wakatengeneze kitu kisicho cha mtu mmoja? Tena, ni kitu gani kiwarudishacho ndani wasitoke tena?

Nchi yetu ni ya mteremko. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,560 na kitu, uko juu yetu, nasi tuko miguuni pake. Masika yakianza, tangu Machi hata Mei, maji huteremka kwa nguvu, na kwa kuwa udongo wetu ni wa volkano, mwepesi, maji huulima kuliko jembe. Zaidi ya hayo, kila nyumba mpya yenye bati na ua wa saruji humwaga nje maji ambayo zamani yalinyonywa na shamba. Basi kijito ambacho wazee walikiruka kwa hatua moja siku hizi ni korongo. Watu wa Arusha hawajasahau mwezi wa Aprili 2024, gari lililowabeba wanafunzi liliposombwa na mafuriko katika korongo hapa jijini, watoto wakafa. Tangu siku ile, mvua ikinyesha alfajiri, sisi waalimu husimama mlangoni tukihesabu vichwa, na akina mama hawatulii mpaka jioni.

Katika njia ya watoto wetu kuna korongo la namna hiyo. Si kubwa, halimo katika ramani yo yote. Serikali imejenga barabara kuu ya lami ya kuuzunguka mji, kutoka Ngaramtoni hata Usa River, kilomita 42, nasi twaifurahia. Lakini mtoto wa darasa la pili haendi shuleni kwa barabara ile. Yeye hupita nyuma ya duka, kando ya bomba, hushuka korongoni na kupanda ng'ambo. Palikuwa na magogo mawili yaliyolazwa juu ya korongo yawe daraja. Masika ya mwaka mmoja maji yakalichukua moja, likabaki moja, na watoto wakajifunza kulivuka wamekaa, mmoja mmoja, mfuko wa madaftari ukiwa shingoni.

Aliyeanza kazi ni mjane mmoja muuza ndizi. Hakuita mkutano. Kila jioni alipotoka sokoni aliokota njiani mawe matatu au manne, akayatia katika beseni lake tupu, akayatupa ukingoni mwa korongo. Watu wakamcheka. Vijana wa bodaboda wakamwuliza, "Yeyo, wajenga nyumba hapa?" Akawajibu, "Najenga, nanyi mtapita juu yake." Baada ya majuma matatu fungu lile la mawe likawa kubwa, hata mtu akipita pale mikono mitupu aliona haya. Ndipo mwenyekiti wa mtaa alipoita watu wakutane, na mkutano ule haukuwa na haja ya maneno mengi, maana kazi ilikuwa imekwisha kuanza bila mkutano.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wasomaji wajua kwamba mwaka 2015 Rais Magufuli aliamuru sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, iadhimishwe kwa kufanya usafi badala ya gwaride, na baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawekwa nchini kuwa siku ya usafi. Mahali pengi siku hiyo imekuwa ya kufunga maduka saa chache na kufagia mbele ya mlango. Kwetu ilitufaa kwa sababu nyingine: hakuna aliyeweza kusema ana shughuli.

Wakaja watu kwa namna zao. Vijana wa bodaboda walipakia mifuko ya mchanga juu ya pikipiki zao, wakashindana nani atakayekwenda safari nyingi. Akaja fundi mmoja mwashi, mgeni kutoka upande wa Singida, ambaye hakuna aliyejua kuwa ni fundi mpaka alipochukua kamba na kuipima njia ya maji. Yeye ndiye aliyetuzuia tusijenge ukuta wa kuyazuia maji kama tulivyokusudia. Alisema maji yakizuiwa huchimba chini, hata ukuta ulale. Bali yapewe mdomo mpana wa kupitia, na mbele ya mdomo ule yapangwe mawe makubwa, ili yakianguka yaangukie jiwe, yasiangukie udongo. Basi tukaweka kalavati, tukajenga mabawa ya mawe kila upande, tukapanga mawe chini. Akina mama wakaleta loshoro ndani ya ndoo zenye vifuniko. Mzee mmoja asiyeweza tena kuinua kitu alipewa kiti na karatasi, akahesabu mifuko ya saruji inayoingia na inayofunguliwa. Wengine wakadhani amepewa kazi ya kumstahi tu, walakini sisi twaona kazi ile ndiyo iliyookoa daraja. Mahali ambapo mifuko haihesabiwi, daraja hupungua unene, na nyumba ya mtu fulani huongezeka chumba.

Kazi ilichukua Jumamosi nne. Ya kwanza walikuja wengi, ya pili wakapungua, ya tatu wakawa wachache kabisa, na ya nne wakajaa tena, maana kila mtu apenda kuwapo kitu kinapokwisha. Nasi tulipoiona ile Jumamosi ya tatu tukaanza kujiuliza swali tulilolitaja hapo mwanzo.

Wazee wa Kiarusha walitujibu kwa habari ya mfereji. Waarusha na Wameru, kama Wachaga wa Kilimanjaro, tangu zamani walichimba mifereji ya kuyatoa maji mitoni na kuyapeleka migombani. Mfereji haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa na wazee wake waliochaguliwa, na wote walioutumia walipata maji kwa zamu, huyu asubuhi, huyu mchana. Kila mwaka, kabla maji hayajahitajiwa sana, walitoka wote kuuzibua na kuziba palipovuja. Asiyetoka alitozwa, na akizidi kuwa mkaidi alinyimwa zamu yake ya maji. Mtu asidhani, basi, kwamba watu wa kale walifanya kazi za ujirani kwa upole wa moyo tu. Palikuwa na sheria, na sheria ilikuwa na meno. Lakini tazama ilikuwa sheria ya namna gani: aliyetozwa alimjua aliyemtoza, alimwona naye ameshika jembe, na maji aliyoyakosa aliyaona yakipita mbele ya macho yake kwenda kwa jirani. Hakuhitaji kuelezwa sababu.

Kuna kulazimishwa kwa namna nyingine, na huko watu wetu wamekuonja. Boma la Wajerumani mjini Arusha, ambalo siku hizi ni nyumba ya makumbusho, lilijengwa mwaka 1900 kwa jasho la Waarusha na Wameru walioshindwa vitani. Mawe yale nayo yalibebwa na watu wengi kwa pamoja, kama yetu. Na mtu aliyetazama kwa mbali angalisema, tazama jinsi wanavyoshirikiana. Mwaka 1955 Waluguru, katika milima iliyo juu ya Morogoro, waliamriwa na serikali ya kikoloni wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Wakayachukia, kwanza kwa kuwa yalikuwa ya amri, tena kwa kuwa huko kwao kuchimba namna ile kulifukua udongo wa chini usio na rutuba, na hakuna aliyewauliza wao walioujua udongo wao. Ikatokea ghasia huko Matombo, mtu akafa, na mpango ule ukaachwa.

Sasa mtu aweza kusema, basi matuta ni kitu kibaya. Sivyo, na mfano uko kwa jirani zetu Wakamba wa Machakos, katika nchi ya Kenya. Katika miaka ya 1930 nchi yao ilikuwa imekatwakatwa na maji, hata wageni walioitembelea waliandika kwamba imekwisha kufa. Serikali ya kikoloni ikaamuru mifugo ipunguzwe, na mwaka 1938 Wakamba maelfu wakaenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Matuta nayo wakalazimishwa, na ulipokuja uhuru mwaka 1963 wengi waliyaacha. Wangaliweza kuyaacha milele. Lakini miaka michache baadaye walianza kuyachimba tena, safari hii katika vikundi vyao vya asili viitwavyo mwethya, ambavyo wengi wa watu wake ni wanawake: leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Nao hawakuchimba yale ya amri; walichagua namna iitwayo "fanya juu", yaani kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, tuta lijijenge lenyewe mwaka kwa mwaka. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka kupita mara tano, na hata hivyo nchi yao ilipona ikatoa mazao kuliko kwanza. Hatusemi ni mwethya peke yake. Nairobi ilikuwa karibu, nao walipata soko la kahawa, matunda na mboga. Ila soko halichimbi tuta.

Basi twarudi Moshono, kwenye shida yetu ya Jumamosi ya tatu. Twadhani tulikuwa katikati ya mambo mawili. Watu wetu wamechoka na michango. Wazee hutusimulia habari za miaka iliyopita, mtu akinyang'anywa kuku au mbuzi kwa kuwa hakulipa mchango wa kitu ambacho hakukiona kikisimama. Sisi waalimu nasi twakumbuka mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha ya mlinzi. Januari 2016 ada iliondolewa shuleni mpaka kidato cha nne, na Januari 2018 Rais alikataza waalimu wasiwatoze wazazi michango. Lilikuwa neno la haki, nasi tulilifurahia, kwa maana kumdai mzazi fedha mbele ya mtoto wake ni kazi chungu. Walakini neno lile wengine walilichukua likawa kubwa kuliko lilivyosemwa. Dawati likivunjika mguu, mzazi aliye seremala hulitazama na kusema, "Serikali italeta." Msumari mmoja! Hatuwezi kuirudisha lazima ile ya kukamata kuku, wala hatuipendi. Na mfereji ambao ungemnyima mkaidi maji umefunikwa na nyumba, naye hupata maji yake bombani kwa kulipa ankara. Tutamnyima nini?

Jibu, kama ni jibu, tulilipata kwa akina mama wa kikoba. Vikoba vimeenea sana nchini, na wasomaji wengi ni washiriki. Asili yake ni nchi ya Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwafundisha wanawake wa vijijini kuweka akiba pamoja na kukopeshana wao kwa wao, bila benki. Kilichotuvuta sisi si faida yake, ila ni sanduku. Sanduku la chama namna hii lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya mkutano, fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mtu huondoka akijua kichwani kiasi kilichobaki. Mtu asiyejua kusoma aweza kumbishia mwenye daftari. Tuliwauliza, "Hamwaminiani, hata mkaweka kufuli tatu?" Mama mmoja akacheka akasema, "Mwalimu, twaaminiana kwa sababu ya kufuli tatu."

Tukaichukua desturi hiyo katika kazi ya korongo. Mwisho wa kila Jumamosi, kabla watu hawajatawanyika, yule mzee wa karatasi alisimama akasoma: saruji iliyoletwa na nani, iliyotumika, iliyobaki, na iko chumbani kwa nani, mawe, mchanga, loshoro, vyote vikatajwa na jina la aliyevileta. Mjane aliyeleta mawe katika beseni alisomwa kwa heshima ile ile ya mwenye duka aliyetoa mifuko mitatu. Hatukumtoza mtu aliyekosa. Jina lake halikusomwa, basi. Twaamini ndicho kilichowajaza watu Jumamosi ya nne, na hatuoni aibu kusema hivyo, maana mtu kutaka jina lake lisikiwe na majirani si dhambi.

Likabaki shauri moja lililoleta ubishi mkubwa, nalo ni la watu wa kuta. Mmoja wao, mwenye kazi nzuri mjini, alituma fedha kwa simu, nyingi kuliko za wote, akaomba radhi kwamba yeye hatakuja. Wengine wakasema, atashukuriwa sana. Jasho halinunui saruji. Wengine wakasema, akikubaliwa huyu, mwakani kila mwenye uwezo atatuma fedha, na kazi itakuwa ya maskini peke yao kama utumwa. Mzee mmoja akauliza, "Maji yakija usiku, fedha yake itatoka kitandani kuja kutazama?" Tukakaa hata giza likaingia. Shauri likatoka hivi: fedha zipokewe, zisomwe, lakini mwenye nazo aitwe aje hata kwa saa moja, alete jiwe moja kwa mkono wake. Sisi tulikuwa upande wa waliosema fedha zipokewe bila sharti, kwa kuwa masika yalikuwa karibu, na hata sasa twaona si vema kumfunga mtoaji. Lakini alikuja. Alikuja na viatu vya ofisini, akabeba si jiwe moja, akabeba mpaka saa saba, na watu wakajua kwamba jina lake ni la ukoo wanaoufahamu huko Meru.

Masika yamepita mara mbili juu ya kalavati lile. Mwaka wa pili mvua ilinyesha usiku kucha, na jiwe moja la bawa la kushoto likaanza kucheza. Aliyeliona ni yule mtu wa ukuta, alipokuwa akirudi kutoka kazini na taa ya simu mkononi. Akampigia fundi usiku ule ule, na asubuhi, kabla watoto hawajapita, mawe yalikuwa yamekwisha kutiwa. Hatudai kwamba kila mwenye ukuta atakuwa hivyo. Wako wawili ambao mpaka leo hawajafungua lango, na maji ya paa zao yaendelea kumwagika njiani.

Kazi iliyo mbele yetu sasa ni mtaro wa kando ya shule, ambao hufurika na kuingiza matope darasa la kwanza. Fundi ameupima: hatua sitini. Mzee wa karatasi macho yamempungua, basi daftari ameshika binti wa kidato cha pili, naye husoma kwa sauti kubwa kuliko babu. Mjane wa ndizi ameanza kuweka mawe yake penye mwembe wa shule, na fungu limefika magotini. Mchanga tumeahidiwa. Kilichobaki ni kokoto na gari la kuzichukulia. Msomaji wa karibu aliye na gari la kuazima kwa siku moja na amwarifu mwenyekiti wa mtaa kabla ya mwezi wa Machi.